Polisi Wameondoka, Nyumba Imebaki

 Uwe Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa, Ulaya, Kidodi, au hapo Mikumi kando ya barabara kuu huku malori yanakupita, karibu tuzungumze. Leo sikuletei habari ya nani kakamatwa. Hizo mnazipata bila mimi, mara nyingine hata kabla difenda la polisi halijafika kituoni. Nataka tuzungumzie kitu ambacho difenda haliwezi kukipakia, yaani nyumba.

Mambo yanavyokwenda mnayajua. Alfajiri polisi wanavamia, wanatoa mapipa, madumu, mabomba, siku nyingine magunia. Watu wanajaa. Mwenyekiti wa kitongoji anaitwa ashuhudie. Vielelezo vinapakiwa, mtuhumiwa anapakiwa, watu wanatawanyika. Wiki haijaisha, mwenye nyumba anakuja na kijana mmoja, brashi moja na ndoo mbili za rangi. Chumba kinapakwa, kitasa kinabadilishwa, na dalali anaanza kazi yake. "Dada, chumba kipo, rangi mpya kabisa, luku unajitegemea, maji yako hapo uani." Dada ana mtoto mgongoni, ndio kwanza anajifunza kutambaa. Anauliza kodi, anauliza choo ni cha wapangaji wangapi. Hana sababu ya kuuliza humu ndani palikuwa pakipikwa nini. Na dalali, ambaye siku ya uvamizi alisimama mstari wa mbele kabisa kutazama, haoni sababu ya kumwambia.

Ugomvi wangu uko hapo. Kesi imepata wakili, hakimu na mashahidi. Nyumba imepata ndoo mbili za rangi.

Na sisi wa Kilosa hatuwezi kusema kusafisha nyumba ni jambo geni. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta ukaingia kwenye makazi. Maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Aliyepitia mafuriko yale, na mengine yaliyokuja baadaye, hahitaji kufundishwa. Tope hutolewa kwa koleo kabla halijakauka. Godoro lililonyonya maji ya choo halirudi kitandani hata kama lilinunuliwa mwezi uliopita. Vyombo vinachemshwa, kisima kinatiwa dawa, ukuta unaachwa ukauke ndipo upigwe chokaa. Ukimwona mtu anapaka rangi juu ya tope bichi, utamcheka.

Basi kwa nini hatumcheki anayepaka rangi juu ya ukuta uliokula moshi na mvuke wa mtambo wa gongo kwa miaka mitatu? Nadhani ni kwa sababu tope tunaliona, na mafuriko hayana aibu. Aliyefurikiwa anahurumiwa. Mwenye nyumba iliyovamiwa na polisi anataka habari ipoe haraka, na rangi ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Tuanze na tunachokijua zaidi, yaani gongo. Kwa Sheria ya Moshi, yaani gongo, ya mwaka 1966, kuipika bila leseni ni kosa, na kila mwaka mitambo inaharibiwa, na kila mwaka inarudi. Malighafi haiko mbali. Kiwanda cha sukari cha Ruembe kiko upande wetu wa Mto Ruaha Mkuu, kwa hiyo molasi si kitu cha ajabu huku, na sukari guru, pumba na hamira ziko kila soko. Wengi wa wapikaji ni akina mama wenye watoto wa kusomesha. Sisemi hivyo kuwatetea, nasema kwa sababu mara nyingi chumba cha mtambo ndicho chumba cha kulala, na anayelala humo ni mtoto.

Sasa ukuta wa chumba hicho umebaki na nini? Hapa watu wengi wanaogopa kisichofaa kuogopwa. Wanasema, nyumba ile ina sumu ya pombe. Hapana. Pombe inapaa. Mchachuko unachemka kwenye pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa katika maji baridi, unadondoka ukiwa gongo. Kilichomwagika sakafuni, hata kama kilikuwa na methanoli, ile spiriti inayopofua na kuua, kinapaa kikiachiwa hewa. Wale zaidi ya mia moja waliokufa Nairobi Novemba 2000 kwa pombe haramu waliuawa na walichokunywa. Kuta za vibanda walimonywea hazikuwa na kosa. Fungua madirisha na milango siku mbili tatu, spiriti imekwisha.

Kinachobaki ni vingine, na havitajwi. Masizi kwanza. Ingia chumba kilichokuwa na mtambo, tazama juu kwenye pembe ambapo ukuta unakutana na bati. Utaona weusi unaong'aa kidogo, unanata kwenye kidole, na chini yake mstari mahali mvuke ulipokuwa ukigonga na kuteremka. Masizi yale yana mabaki ya moto wa kuni, na pengine wa plastiki na matairi kama kuni zilikuwa adimu. Hayo ni mabaki ambayo wataalamu wa saratani wameonya juu yake kwa miaka mingi. Ukiyafagia makavu, umeyahamisha kutoka ukutani hadi kwenye mapafu yako. Yanaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kuanzia juu kushuka chini, kitambaa kinasuuzwa kwenye ndoo ya pili, na maji yanabadilishwa kabla hayajawa meusi kama wino. Mara moja haitoshi. Funga kitambaa mdomoni na puani, vaa mikono mirefu, toa watoto.

La pili linaniudhi zaidi, nalo ni mapipa. Pipa la mtambo limetoka wapi? Wilaya hii ina mashamba ya mkonge, ina pamba, ina vitunguu na nyanya, na kote huko kuna viuatilifu. Pipa au dumu lililokuja na kiuatilifu halisafishiki kwa mchanga na majivu, na kanuni ya matumizi salama ya viuatilifu duniani kote ni kwamba chombo kitupu kitobolewe kisitumike tena. Lakini pipa ni mali, nani atalitoboa? Kwa hiyo linanunuliwa, linapikiwa, linamwagika, na sakafu ya udongo inakunywa kila kilichokuwa ndani. Tena kuna mabomba. Kule kusini mwa Marekani wapikaji wa pombe haramu walitumia rejeta kuukuu za magari kupozea mvuke, na madaktari wakawa wanapokea wanywaji wenye sumu ya risasi, maana rejeta zile zimelehemewa kwa risasi. Fundi wa mtaani wa kwetu naye analehemu kwa alichonacho. Risasi haipai. Haiozi. Inakaa kwenye vumbi la sakafu, na anayeishi karibu na vumbi la sakafu kuliko sote ni yule mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni.

Kwa nyumba ya udongo, nafuu iko kwetu, na hapa nyumba ya miti na udongo inaishinda nyumba ya saruji. Ukuta unakwanguliwa, unakandikwa upya. Sakafu inakwanguliwa mpaka ufikie udongo usio na harufu wala rangi ngeni, unaletwa udongo safi, unashindiliwa. Kilichokwanguliwa kinafukiwa mbali na kisima na mbali na bustani ya mchicha, si kutupwa Mkondoa. Na machicha ya pombe yaliyorundikwa nyuma ya nyumba nayo ni sehemu ya kazi. Yakisukumwa na mvua hadi kijitoni, yanakula hewa iliyo ndani ya maji na samaki wanakufa. Akina mama wanaochota maji chini ya kijito wanalijua hilo kabla afisa yeyote hajafika.

Sakafu ya saruji ina kazi nyingine. Nyufa zinachokonolewa na kusuguliwa, kisha inapigwa niru upya. Rangi ije mwisho. Sina neno na rangi, ila ije mwisho.

Haya, gongo tumeiacha. Kuna balaa jingine ambalo kwetu bado watu wanalisikia kwa mbali, nalo ni methamphetamine. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za dawa, zaidi ya tani mbili zikiwa methamphetamine na zilizobaki heroini. Kamishna Jenerali Aretas Lyimo alitangaza mwenyewe. Sasa chukua ramani. Kati ya Iringa na Dar es Salaam barabara inapita wapi? Inapita Mikumi. Sisemi mzigo ule ulilala Mikumi, msininukuu vibaya. Nasema mji wetu uko kwenye njia, una nyumba za kulala wageni na vyumba vya kupanga kwa wiki, na mgeni akilipa miezi sita taslimu hatumuulizi mengi.

Mzigo ule ulitengenezwa kwingine. Lakini biashara hii imeshaonyesha kwamba haichoki kusogea. Nigeria, mwaka 2016, huko Asaba, kilikamatwa kiwanda kikubwa chenye mafundi kutoka Mexico. Mwaka 2022 wakakuta maabara nyingine ndani ya nyumba ya kuishi kwenye mtaa wa kitajiri wa Victoria Garden City, Lagos, nyumba yenye geti na majirani. Julai 2024 ikawa Afrika Kusini, shambani Groblersdal, jimbo la Limpopo, na tena mafundi wa Mexico. Wametoka magharibi ya bara wakafika kusini. Anayesema haiwezi kufika kwetu anisaidie kunieleza ni nini kitakachoizuia.

Na nyumba iliyopikiwa kitu hiki haifanani hata kidogo na ya gongo. Makadirio yanayotumika Marekani ni kwamba kilo moja ya methamphetamine huacha kilo tano hadi saba za taka, na taka hizo ni asidi, magadi makali, viyeyusho vinavyoshika moto. Mpikaji hana pa kuzipeleka, anazimwaga kwenye sinki, chooni, uani. Mvuke wa dawa yenyewe unatua kwenye kila kitu, ukutani, kwenye pangaboi, kwenye silingibodi, kwenye pazia. Chumba kina harufu ya mkojo wa paka na hakuna paka. Kuna madoa ya njano au mekundu kama ya ayodini, betri zilizopasuliwa, maganda mengi ya vidonge vya mafua, chupa zenye mipira iliyochomekwa, madirisha yaliyobandikwa karatasi. Ukikuta hayo usiguse, usiwashe kiberiti, usiwashe wala kuzima taa. Toka. Hiyo ni kazi ya Mamlaka na ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye watu wake wanajua kemikali bashirifu, zile za kutengenezea dawa, na kemikali za kawaida zinakaaje pamoja.

Wakishamaliza, ndipo usafi unaanza, na Shirika la Mazingira la Marekani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009. Nikiuweka kwa lugha ya jikoni ni hivi. Nyumba inaachiwa hewa kwanza, kabla mtu hajafanya kazi ndani. Kila kinachonyonya kinatupwa, godoro, zulia, kochi la sponji, pazia. Watu wa kwetu hapa watanipinga, maana kochi ni la laki nne, lakini kochi la sponji haliwezi kuoshwa likaisha dawa. Kuta, dari na sakafu zinaoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida mara tatu, kila mara zikisuuzwa. Mabomba ya maji machafu yanamwagiwa maji mengi, na shimo la choo linachunguzwa kabla halijanyonywa. Baada ya hapo inapimwa, ndipo inapakwa rangi, na rangi yenyewe iwe nzito ya kufunika.

Halafu jiki. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu sisi ugonjwa wetu ni jiki. Choo jiki, sakafu jiki, kisima jiki. Kwenye nyumba ya namna hii jiki ikikutana na asidi iliyomwagika inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ilitumika kuua askari vitani mwaka 1915. Kwa hiyo sabuni ya unga na maji vinatosha. Jiki ibaki kabatini.

Nimewatia hofu, sasa niipunguze, maana hofu nayo ina gharama yake. New Zealand waliogopa kupita kiasi. Shirika la nyumba la serikali lilianza kupima nyumba zake, na penye chembe yoyote ya methamphetamine mpangaji akatolewa, hata kama hapakuwahi kupikwa kitu, pengine mgeni aliyekaa humo miaka ya nyuma alivuta tu. Mwaka 2017 kipimo cha nchi kiliwekwa kuwa maikrogramu 1.5 kwa eneo la sentimita 10 kwa 10. Mei 2018 mshauri mkuu wa sayansi wa serikali, Peter Gluckman, akatoa ripoti iliyowanyamazisha. Alisema hakuna ushahidi kwamba mtu amewahi kuugua kwa kuishi kwenye nyumba ambamo mwingine alivuta tu, na kwamba chini ya maikrogramu 15 hakuna sababu ya kumtisha mtu. Septemba mwaka huohuo shirika likaomba radhi. Wapangaji wapatao 800 walikuwa wameathirika, na zaidi ya dola milioni 100 za nchi hiyo zilikuwa zimekwenda kwenye vipimo na ukarabati. Waliofaidi ni kampuni za kupima na kusafisha.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la nyumba yoyote ni hili: humu palifanyika nini hasa? Palipikwa, palihifadhiwa, au palivutwa? Chumba kilichohifadhiwa magunia ya bangi, na mkoa wetu unatajwa sana kwa bangi, kinahitaji hewa, sabuni, na kuangaliwa ukungu pembeni kama magunia yalikuwa mabichi. Basi. Usimruhusu mtu akuvunjie ukuta kwa bangi. Chumba cha mtambo wa gongo kinahitaji kile nilichokieleza. Chumba cha methamphetamine kinahitaji wataalamu. Ukivichanganya, ama utamtesa mpangaji bure, ama utamlaza mtoto wake kwenye sumu.

Nani basi aulize swali hilo? Dawa zenyewe zina utaratibu mzuri sana. Mahakama inatoa amri, maofisa wanasimama, tumeziona kwenye televisheni zikiingizwa kwenye tanuri la kiwanda cha saruji cha Wazo pale Dar es Salaam. Mzigo unazikwa kwa heshima zote. Barabara yetu ya Mikumi nayo ina utaratibu. Ukiingia hifadhini kuna bango linalokuambia faini ya kila mnyama utakayemgonga, twiga kiasi hiki, nyani kiasi hiki. Ni jambo jema. Sijaliona bango la mpangaji.

Lakini sheria za kuanzia zipo, si lazima tusubiri bunge. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inamgusa pia mwenye nyumba anayeruhusu nyumba yake itumike akijua, kwa hiyo kusema "mimi napokea kodi tu" si ngao. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu juu ya jengo lenye hatari kwa afya ya watu. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 iko mikononi mwa Mkemia Mkuu. Na huku chini tuna mwenyekiti wa kitongoji ambaye alishuhudia uvamizi kwa macho yake, na ambaye mpangaji mpya anatakiwa kwenda kujitambulisha kwake.

Ombi langu ni dogo, nalipeleka kwa watendaji wa kata za Kilosa na Mikumi. Nyumba ikivamiwa na vitu vikatolewa, afisa afya wa kata aende siku inayofuata, aangalie, aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mwenye nyumba: hiki kilikuwa humu, hiki kifanyike, usipangishe mpaka nirudi nione. Nakala ibaki kwa mwenyekiti. Dada yule akija kujitambulisha na mtoto wake mgongoni, mwenyekiti amsomee. Karatasi moja na muhuri, gharama yake haifiki hata bei ya ndoo ya rangi.

Wenye nyumba, msinichukie. Nyumba iliyosafishwa vizuri na ikaandikwa kwamba imesafishwa inapangishika kuliko nyumba ambayo mtaa mzima unanong'ona habari zake. Na wewe unayetafuta chumba, kabla hujatoa hela, usiishie kwa dalali. Vuka njia, msalimie mama jirani, "Shikamoo mama, nataka kupanga hapo, waliokuwepo walihama kwa sababu gani?" Atakuambia.

Ukiona dalili nilizozitaja, namba ya Mamlaka ni 119, na simu ni bure. Afisa afya wa kata yako yuko chini ya ofisi ya mtendaji, nenda umuulize kama amewahi kuingia kwenye nyumba ile.